Rivyu: mechi nzima ya Jamie Moyer, World Series 2008, klipu achana nazo

Niseme mapema kabisa kwa wenye haraka: ukitaka kuelewa kwa nini mrushaji mzee asiye na kasi anaweza kuwasumbua vijana wenye misuli, angalia mechi nzima, klipu achana nazo. Na ya kuanzia ni mechi ya 3 ya World Series ya 2008, yaani fainali za besiboli ya Marekani, Philadelphia Phillies na Tampa Bay Rays, mrushaji wa Phillies ni Jamie Moyer, mkono wa kushoto, umri wake siku ile miaka 45 na zimebaki siku 24 tu atimize 46. Ligi yenyewe ya MLB, ligi kuu ya besiboli huko, imeweka mechi nyingi za fainali za zamani kwenye chaneli yake ya YouTube, mwanzo mpaka mwisho, bila kulipia hata senti, na hiyo ndo huduma ninayoiandikia rivyu, maana watu wengi wanaisifia kwa ajili ya homurani (mpira uliopigwa ukavuka ukuta wa uwanja) na makelele ya mwisho wa mechi wakati utamu wake mkubwa uko kwingine kabisa.

Unachopata ni matangazo kama yalivyorushwa na FOX usiku ule, watangazaji ni Joe Buck na Tim McCarver. Huyu McCarver ni hazina, aliwahi kuwa mdakaji wa ligi kuu, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira, kwa miaka mingi, ndiye aliyekuwa anamdakia Steve Carlton pale Philadelphia, kwa hiyo anapoongea kuhusu mpangilio wa mipira, kwamba huu umerushwa ili kuandaa ule unaokuja, anaongea kitu alichokifanya kwa mikono yake. Halafu kuna jambo linalonipendeza sana hapa, Moyer alipoingia ligi kuu tarehe 16 Juni 1986, akiwa na Chicago Cubs, mechi yake ya kwanza kabisa alimshinda huyohuyo Carlton. Miaka 22 baadaye bado yuko kilimani, kwenye kile kichuguu cha mrushaji, anarusha, na mdakaji wa Carlton yuko kwenye maikrofoni anamchambua. Ndani ya matangazo hayo kasi ya mipira inaandikwa kwenye skrini kwa maili, na nakushauri uiangalie sana hiyo namba ile iningi ya kwanza (iningi ni awamu, kila timu inapiga mara moja, na mechi ina tisa), ikishakushangaza basi, usiiangalie tena, angalia miguu na mabega ya mpigaji.

Maana kasi yenyewe ndo hii: mpira wake wa kasi, ule mkali kuliko yote aliokuwa nao, miaka ile ulikuwa unakwenda maili 80 na kidogo kwa saa, kama kilomita 130. Wastani wa ligi mwaka 2008 ulikuwa karibu maili 91. Sasa hivi ni kama 94. Yaani alikuwa nyuma ya wenzake kwa maili kumi nzima, na alimaliza msimu wa 2008 akiwa na ushindi 16 na kushindwa 7, hakuna mrushaji mwingine wa Phillies aliyeshinda mechi nyingi kama yeye mwaka ule, wastani wake wa pointi alizoruhusu kwa iningi tisa ulikuwa 3.71, na hapo namba ndogo ndo nzuri. Timu iliyokuja kuchukua ubingwa, na aliyeongoza kwa ushindi ni babu wa miaka 45.

Hebu tuliangalie hili la kasi vizuri kwa sababu hapa ndo penye nyama. Toka kilimani mpaka kwenye bamba, anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Mpira wa maili 95 unafika kwa kama sekunde 0.4, wa maili 80 unafika kwa kama sekunde 0.5. Hiyo sehemu moja ya kumi ya sekunde inaonekana ndogo ila kwa mpigaji wa ligi kuu ni zawadi, ukimpa mipira ya maili 80 yote inayofanana, sehemu moja, ataipeleka jukwaani yote. Kwa hiyo mzee hawezi kuishi kwa maili 80. Anaishi kwa tofauti kati ya mpira mmoja na mwingine. Ana mpira wa kasi, ana wa kukata unaoteleza kidogo pembeni dakika ya mwisho, ana wa kupinda unaokuja polepole kabisa na kushuka, na juu ya yote ana chenjiapu, ambao ndo ulimlisha maisha yake yote. Chenjiapu unashikwa ndani zaidi kiganjani, mkono unakuja kwa spidi ileile, bega lilelile, uso uleule, ila mpira unatoka na kasi pungufu. Mpigaji akiona mkono tu mwili unamwambia piga, anaanza kuzungusha gongo, na mpira bado uko njiani. Ni sawa na mpiga ngoma anayebadilisha mdundo wakati wewe umeshainua mguu, huwezi kuurudisha, na huwezi kuushusha ukaonekana unacheza.

Na kuna la pili ambalo watu hawalisemi sana. Mpira unaokuja ndani, karibu na mikono ya mpigaji, lazima upigwe mbele zaidi ya bamba, yaani mapema, la sivyo unakuta gongo kwenye mpini. Mpira unaopita nje unaweza kungojewa ukasogea. Kwa hiyo maili 81 ya ndani inamtaka mtu awahi na maili 74 ya nje inamtaka asubiri, na ukizipanga vizuri hizo mbili, macho ya mpigaji yanaona kitu chenye kasi kuliko inavyoandikwa kwenye skrini. Moyer alikuwa hodari sana wa kwenda ndani, mzee wa maili 81 anakwenda ndani kwa watu wenye mikono kama magogo bila kuogopa, anawasogeza, halafu anawapeleka nje na chenjiapu wakiwa wameshaegemea nyuma. Bamba lina upana wa sentimita 43 hivi. Yeye katikati hapataki kabisa, anafanya kazi kwenye kingo, na nje ya kingo kidogo, kule ambako mpigaji hawezi kufanya kitu cha maana ila bado anashawishika.

Sasa hayo yote huwezi kuyaona kwenye klipu. Hapa nina msimamo na nitausimamia. Klipu ya dakika tatu inakuonyesha mtu anapiga hewa, unajiuliza mbona mpira wenyewe wa kawaida, mbona kaukosa. Hujaona mipira mitatu iliyotangulia. Hujaona kwamba mpigaji huyohuyo iningi ya pili alipewa mpira wa ndani mara mbili akakasirika. Mrushaji wa maili 99 anafaa sana kwa klipu, mpira wake mmoja unajieleza wenyewe, ila mzee kama huyu kazi yake ni mazungumzo marefu na wapigaji tisa, anazunguka nao mara mbili, mara tatu, na kila mzunguko anawakumbuka walichofanya mzunguko uliopita. Ukikata hayo mazungumzo ukaacha sentensi moja moja, umeharibu kitu.

Twende kwenye mechi yenyewe. Tarehe 25 Oktoba 2008, Citizens Bank Park, mvua ilichelewesha mechi ikaanza saa nne na dakika sita usiku kwa saa za huko, ikaisha saa saba na dakika 47 usiku wa manane. Moyer alikuwa ameugua tumbo siku hizo, usiku wa kuamkia mechi ulikuwa mbaya kwake. Na tuwe wakweli, hakuja na sifa. Kwenye mtoano wa mwaka huo alikuwa ameshapigwa, dhidi ya Milwaukee Brewers alitoka baada ya iningi nne, dhidi ya Los Angeles Dodgers ilikuwa mbaya zaidi, iningi moja na theluthi, pointi sita. Wastani wake kwenye mtoano ulikuwa 13.50. Kocha Charlie Manuel akamkabidhi tena mpira kwenye fainali. Ukijua hilo unapoanza kuangalia, iningi ya kwanza inakuwa na uzito mwingine kabisa.

Pia alikuwa mwenyeji. Amezaliwa Sellersville, Pennsylvania, kakulia Souderton hapo karibu, na mwaka 1980 Phillies walipochukua ubingwa wao wa kwanza alikimbia shule akaenda kuangalia gwaride la ushindi. Sasa ni miaka 28 baadaye na yuko kilimani kwenye fainali za timu hiyohiyo, mtu wa pili kwa uzee kuwahi kuanza mechi ya World Series, aliyemzidi ni Jack Quinn wa mwaka 1929 peke yake. Upande wa pili Rays walikuwa watoto. Evan Longoria alikuwa na miaka 23, ndiye nyota wao, na siku Longoria anazaliwa, Oktoba 1985, Moyer alishasajiliwa na Cubs tangu mwaka uliotangulia.

Na Longoria hakupata kitu usiku ule. Wala Carlos Peña. Hao ndo wapigaji wawili wa nguvu kabisa wa Rays, wanaume wa kupeleka mpira juu ya ukuta, mechi nzima hawakugusa besi, vile vituo vya kukimbilia, kwa kupiga. Mimi hapa ndo narudisha nyuma na kuangalia tena na tena. Angalia mguu wa mbele wa Longoria unavyotua mapema. Angalia Peña, naye mkono wa kushoto, mipira inavyomkimbia kwenda nje. Hawa walikuja wamejipanga, wanajua kabisa jamaa hana kasi, wanajua chenjiapu inakuja, ila kujua kwamba inakuja na kujua inakuja lini ni vitu viwili tofauti.

Iningi ya pili Rays walipata pointi, Carl Crawford alipiga mpira wa besi mbili, akaiba besi ya tatu, yaani akaikimbilia bila mpira kupigwa, Gabe Gross akamleta nyumbani kwa mpira wa juu. Baada ya hapo mzee akafunga mlango. Hizo iningi za tatu mpaka za sita usiziruke hata kama zinaonekana hazina tukio, kwa sababu ndo zenyewe. Hakuna kelele, mtu anapiga mpira dhaifu ardhini, mwingine juu kwa mchezaji wa pembeni, mwingine anatazama straiki ya tatu, mrusho halali, ikipita na anatolewa. Phillies wao walikuwa wanaongeza, Carlos Ruiz alipiga homurani iningi ya pili, halafu ya sita Chase Utley na Ryan Howard wakapiga homurani mfululizo, ikawa 4-1.

Halafu iningi ya saba, na hapa kuna tendo ambalo kwangu ni bora kuliko homurani zote za usiku ule. Crawford, mmoja wa watu wenye mbio kali kabisa kwenye ligi, akagusa mpira kidogo tu ubingirike kwenye mstari wa besi ya kwanza. Moyer, miaka 45, tumbo linauma, saa sita imeshapita, akakimbia akajitupa mzimamzima, akaudaka na glavu na hapohapo akiwa chini akausukuma kwa glavu ileile kwenda kwa Howard, Howard akaupokea kwa mkono mtupu kwenye besi. Mwamuzi akasema Crawford salama. Marudio yanaonyesha wazi alikuwa auti. Enzi zile timu haikuwa na haki ya kuomba video kwa tendo kama lile, hilo lilikuja 2014, kwa hiyo ikabaki hivyo, na ikawagharimu. Mpigaji aliyefuata akapata besi mbili, Gross akaleta pointi kwa mpira wa ardhini, na Moyer akatolewa, uwanja mzima umesimama unampigia makofi. Iningi sita na theluthi, amepigwa mara tano, straiki-auti tano (wapigaji waliotolewa kwa straiki tatu), kampa mtu mmoja tu besi ya bure, kwa mirusho minne iliyotoka nje ya eneo. Pointi tatu zikaandikwa kwa jina lake, mbili kati ya hizo zimetokana na iningi iliyoanza na ule uamuzi.

Kilichofuata ni drama nyingine, Rays wakasawazisha iningi ya nane kwa hiyo ushindi hauko kwenye rekodi ya Moyer, Phillies wakashinda 5-4 iningi ya tisa kwa kampira kadogo ka Ruiz kalikobingirika upande wa besi ya tatu. Klipu zote zinaonyesha hako kampira. Sawa, ni tukio kubwa. Ila mechi ilikuwa imeshikiliwa na mtu ambaye kwenye klipu anaonekana sekunde kumi.

Kuhusu ubora wa huduma yenyewe, picha ni ya 2008 kwa hiyo usitegemee makali ya siku hizi, ila mpira unauona vizuri na nyuso unaziona. Kitu kimoja cha kujua mapema, na hiki ni cha matangazo ya besiboli kwa ujumla, kamera kuu inakaa nyuma ya mrushaji ila imesogea pembeni kidogo, kwa hiyo mpira uliopita ukingoni unaweza kuona kama umepotoka wakati haukupotoka, au kinyume chake. Kwa mrushaji wa kingo kama Moyer hili linasumbua. Dawa yake ni kuangalia glavu ya mdakaji, Ruiz anaweka glavu mahali, mpira ukifika haijasogea, basi mzee kapatia. Fanya hivyo kwa iningi moja tu utaona jinsi ile glavu inavyokaa palepale.

Mechi ina saa tatu na dakika 41 bila kuhesabu mvua. Ni ndefu, najua. Kama huna muda huo, kuna njia nzuri, Phillies walikuwa nyumbani kwa hiyo Rays wanapiga nusu ya kwanza ya kila iningi, angalia nusu za kwanza tu toka iningi ya kwanza mpaka ya saba Moyer anapotoka. Umepunguza zaidi ya nusu na hujapoteza mrusho wake hata mmoja.

Kitu kingine cha bure cha kuambatanisha ni Baseball Savant, ni tovuti ya takwimu ya MLB. Data za kila mrusho zinaanzia 2008, kwa hiyo Moyer wa mwaka huo yumo, unaweza kutafuta mpira mmoja mmoja, kasi yake, ulipopita. Kwa wachezaji wa toka 2015, mfumo wa Statcast ulipowekwa viwanja vyote, ndo kuna vile viduara vya rangi, nyekundu ni mzuri kuliko wenzake, bluu ni duni. Ukifungua ukurasa wa mrushaji wa aina hii utakuta kwenye kasi kiduara ni bluu iliyokolea, mwisho kabisa, halafu chini huko kwenye mipira iliyopigwa kwa nguvu au besi za bure anazotoa unakuta nyekundu. Kyle Hendricks alikuwa hivyo, maili 87 mpaka 88, waliomwita Profesa hawakukosea, mwaka 2016 aliongoza ligi nzima kwa wastani wa 2.13 na ndiye aliyeanza mechi ya 7 ya World Series kwa Cubs. Napenda sana hizo namba. Ila namba zinakuambia kwamba imewezekana, haziwezi kukuonyesha imewezekanaje, kwa hiyo kwangu Savant ni ya kufungua baada ya mechi, sio badala yake.

Watu watasema Moyer alipigwa sana. Ni kweli na lazima isemwe kwenye rivyu ya haki. Ameruhusu homurani 522, hakuna mrushaji kwenye historia ya ligi aliyeruhusu nyingi zaidi, alimpita Robin Roberts aliyekuwa na 505. Wastani wake wa maisha ni 4.25, sio namba ya malaika. Mzee wa kingo akikosea kwa upana wa mkono mmoja hana kasi ya kumwokoa, mpira umeenda. Ile siku ya Dodgers ilikuwa hivyo. Lakini ili uruhusu homurani 522 inabidi watu wakukabidhi mpira kwa miaka 25, na timu hazikabidhi mpira kwa huruma. Alishinda mechi 269. Alipofikisha miaka 30 alikuwa na ushindi 34 tu na ameshaachwa na timu, msimu wa 1991 akiwa St. Louis hakushinda hata moja, 1992 yote alikaa ligi ndogo, Cubs walimpa nafasi ya kuwa kocha akaikataa. Kule katikati akakutana na Harvey Dorfman, mtaalamu wa saikolojia ya wachezaji, na Moyer mwenyewe amekuwa akimtaja kama mtu aliyembadilishia fikra zake kilimani. Baada ya hapo, Seattle Mariners, ushindi 20 mwaka 2001, 21 mwaka 2003 akiwa ameshapita 40. Ushindi 105 kati ya ule wote ameupata baada ya kutimiza miaka 40. Isome tena hiyo, 105. Kuna warushaji wazuri kabisa ambao maisha yao yote hawafiki hapo.

Wapo wengine wa kuangalia kwa macho hayohayo. Bartolo Colón, ambaye ujanani alikuwa na kasi kubwa, akaja uzeeni akabaki karibu na mpira wa kasi peke yake, ila anaupeleka popote anapotaka na anaubadilisha mwendo kidogo kidogo, tarehe 18 Aprili 2012 dhidi ya Angels alirusha straiki 38 mfululizo, na mwaka 2013 akiwa na miaka 40 alipata ushindi 18 na Oakland. Rich Hill na mpira wake wa kupinda, mwaka 2025 akiwa na miaka 45 alipanda kilimani na Kansas City Royals, timu yake ya 14. Greg Maddux naye, ingawa yeye alikuwa fundi toka kijana, Julai 1997 alimaliza mechi nzima kwa mipira isiyofika 80. Justin Verlander simweki humu, alishinda Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, ya 2022 akiwa na miaka 39 na ni ajabu kubwa, ila yeye alikuwa bado na kasi, ni habari nyingine.

Kwa Moyer mwenyewe, ukishamaliza ya 2008, kuna mbili za kutafuta. Tarehe 7 Mei 2010, dhidi ya Atlanta Braves, miaka 47, alirusha iningi zote tisa, pointi sifuri, alipigwa mara mbili tu na zote ni Troy Glaus, ndiye mzee kuliko wote kuwahi kufanya hivyo kwenye ligi kuu. Mwaka huohuo kiwiko kikachanika, akafanyiwa upasuaji wa Tommy John, ule wa kano ya kiwiko, akiwa na miaka 48, akakosa msimu wote wa 2011, umri ambao wenzake wako kwenye vibanda vya watangazaji. Akarudi. Tarehe 17 Aprili 2012, na Colorado Rockies, dhidi ya San Diego Padres, iningi saba, pointi mbili zisizohesabika kwake kwa sababu ya makosa ya wenzake, Rockies 5-3, na akawa mtu mzee kuliko wote kushinda mechi ya MLB, miaka 49, rekodi ya Jack Quinn ya 1932 ikaanguka. Na hii aliifanya Coors Field, Denver, mita 1,600 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unapinda kidogo kuliko kwingine na ukipigwa unaruka mbali kuliko kwingine. Siku ile hakuna mpira wake hata mmoja uliovuka maili 79. Kama kuna uwanja ambao mrushaji wa maili 79 hakutakiwa kuukanyaga ni ule.

Nyota tano kwa mechi ya 2008, bila kusita. Kwa klipu za ushindi wa 2012 nyota tatu, zinakupa uso wake na makofi, sio kazi yake.

Ninachokiwazia sasa ni kizazi kijacho cha hawa watu. Tangu 2023 kuna saa ya kurusha, sekunde 15 kama besi ni tupu, kwa hiyo ule mtindo wa kushikilia mpira mpaka mpigaji achoke kusubiri umebanwa. Hendricks amestaafu baada ya msimu wa 2025. Na 2026 timu zimepewa haki ya kupinga uamuzi wa straiki na boli (mrusho uliotoka nje ya eneo) kwa kamera, kila timu inaanza na nafasi mbili. Kwa mrushaji wa kingo hili linaweza kwenda pande zote mbili, zile sentimita mbili za nje ambazo waamuzi walimpa kwa heshima ya ufundi wake zinaweza kuchukuliwa, ila ile straiki halali ya ukingoni ambayo mwamuzi aliinyima sasa anaweza kuidai. Mimi naamini fundi wa kweli atanufaika, kwa sababu kamera haijali maili, inajali mpira umepita wapi.